Pumu Hii Si Yangu

Sehemu ya tisa: Kurasa zilizoshonwa

Nyie mliomlaani mjomba Zihindula juma zima, subirini kidogo. Daftari la kliniki alilotaka kulichoma halikuungua. Yaani liliungua, lakini kona tu.

Moto wa jiko la gesi ulipolamba jalada, Chimène hakupiga kelele wala hakuomba. Alilikwapua daftari kutoka mkononi mwa mjomba wake, akatazama huku na huku kutafuta kitu cha kuuzimia, akaona bugali, ugali wa kwao, mezani, bado linafuka mvuke. Akaukandamiza upande unaowaka ndani ya bugali mpaka moto ukafa.

"Chakula yangu!" mjomba akafoka.

"Na jina yangu je?" Chimène akajibu, kiganja kikimchoma kwa moto.

Kwa wewe unayelishika gazeti hili mara ya kwanza, nikupe upesi upesi. Chimène Bagula, miaka ishirini na miwili, mkazi wa Highview kule Louisville, anataka kuingia jeshi la Marekani awe tabibu wa askari. Anakimbia maili mbili na akifika bado ana pumzi ya kugombana. Mwezi uliopita madaktari wa jeshi walimkataa kwa sababu faili lake la ukimbizi linasema ana pumu.

Hajaugua pumu hata siku moja. Mgonjwa alikuwa binamu yake Charlotte, binti wa huyu huyu mjomba Zihindula. Charlotte alifika kambini akiwa hajaandikishwa, hana daftari la kliniki, na bila daftari huitwi kwenye foleni ya dawa. Mama yake Chimène akafanya kilichofanywa na kina mama wengi mle kambini: akaazimisha daftari la mwanawe. Likiitwa jina la Chimène, Charlotte anaitika, anapewa dawa, anapumua. Hakuna aliyeona vibaya. Shida ni kwamba maandishi yalipanda ndege pamoja nao.

Sasa imebaki njia moja, ile ruhusa ya pekee ambayo jeshi humpa mtu lililomkataa kwa afya, wenyewe wanaiita waiver. Mwisho wa kupeleka karatasi ni Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hiyo, nafasi yake ya mafunzo anapewa mwingine. Leo ni Jumatano, na Chimène yuko Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kwa sababu mama yake alipoulizwa alisema maneno manne tu, "Kitabu iko kwa mujomba," halafu akafunga mdomo kabisa.

Turudi jikoni.

Mjomba Zihindula alikaa. Kambini alikuwa fundi cherehani, siku hizi anapanga maboksi ghalani.

"Chimène, mama, sikia. Kuko njia mwepesi. Uende kwa ba-docteur, useme: ndiyo, nilikuwa na asthme, ikaisha. Bon. Unapuliza kwa mashine yao, banaona mapafu iko sawa, banakupa waiver yako, unaenda. Ba-Américain banapenda sana mutu mwenye kupona."

"Banauliza kwa kiapo, mujomba. Ulitumia dawa gani? Mara ya mwisho ulibanwa lini? Nitajibu nini?"

"Utajibu vile Charlotte alikuwa anajibu."

"Donc niape uongo, kusudi nipate kuapa ingine ya kulinda inchi?"

Mjomba akapiga meza. "Uongo, uongo! Kila mutu mwenye alipita kwa kambi iko na kitu moja kwa karatasi yenye haiko kweli. Weye ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza."

"Weye na nusu ya Bakongomani ya Louisville! Mulizaliwa wote siku moja? Ulishawahi kulia juu ya ile?"

Chimène alikaribia kucheka, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Ile hainizuie kitu. Hii inanizuia." Akaliinua daftari, bugali likining'inia pembeni. "Tangu niko na miaka mine nakimbizwa na batu ya magwanda. Nimechoka kukimbia mbele yao. Nataka niivae miye, nikimbie kwenda kwa mwenye kuumia. Na siombi msamaha ya ugonjwa yenye sijaugua. Niliitika jina yangu kwa vita, kwa njaa, kwa foleni ya maji. Kwa pumu siitike."

"Hiyo kitabu itanifunga."

"Itakufunga juu ya nini? Charlotte alikuwa mutoto."

Macho ya mjomba yalikwenda kwenye friji, palipobandikwa picha ya binti yake mdogo, Gracieuse, aliyefia kambini. Malaria. Ukoo wote unajua hivyo.

Mwisho mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Beba. Lakini kule nyuma nilishona, juu ya vile jalada ilikuwa inapasuka. Usifumue."

Chimène akalipindua. Kweli, karatasi za mwisho zilikuwa zimeshonwa kwenye jalada kwa uzi mweusi, mshono wa fundi. Akasema sawa, akalitia mkobani.

Mimi ningejiuliza kwa nini mtu ashone kurasa anazotaka kuzichoma. Wewe pia. Lakini Chimène alikuwa na saa za kuhesabu, na kiganja kilikuwa kimeanza kutoa malengelenge.

*

Alhamisi asubuhi alipanda basi la Buffalo. Walikuwa hawajafika Cleveland simu ikalia. Sajini Rogers Eliakunda, mzaliwa wa Moshi, ndiye anayeandikisha vijana pale Louisville na ndiye aliyelibeba faili la Chimène wakati wenzake walisema lirudishwe kabatini. Kwa huyu Chimène hujitahidi kunyoosha Kiswahili chake.

"Bi Chimène, uko wapi?"

"Kwenye basi, Sajini. Naenda Buffalo, kwa Charlotte."

"Basi nisikilize vizuri. Nimeongea na wakubwa. Pumu ya utotoni haiwanyimi usingizi. Wanachohesabu wao ni baada ya mtu kutimiza miaka kumi na mitatu. Kwa karatasi zako ulitimiza Januari mosi, elfu mbili kumi na sita. Kuanzia hapo umeandikwa mara sita, ya mwisho ni mwezi wa sita. Nataka maelezo ya zote sita. Ukiniletea tano, hujaniletea kitu."

"Zote ni za Charlotte."

"Basi aandike hivyo kwa mkono wake, asaini, na unitumie picha za daftari. Mimi nitalisukuma. Kwamba watakubali, siwezi kukuahidi."

"Wakikataa?"

"Utalia siku mbili, halafu utatafuta kazi nyingine."

"Sitalia."

"Nilijua utasema hivyo," Sajini akasema, na Chimène akasikia kwamba anatabasamu. "Kesho saa sita, dada. Saa sita na dakika moja mimi sina la kufanya."

*

Black Rock, mtaa wa Buffalo, saa tisa alasiri. Nyumba ya zamani ya mbao karibu na mto, rangi ya ukutani imebanduka, mlango mpya. Charlotte na mumewe waliinunua mwaka juzi na bado wanaitengeneza. Charlotte alifungua mlango bila kutoa mnyororo, akiwa amevaa sare ya kazi yake ya kuhudumia wazee.

"Ni baba amekutuma?"

"Ni miye nimejituma, yaya."

Humwita yaya kwa sababu ni dada mkubwa kwake, amemzidi mwaka na nusu. Charlotte na baba yake hawajasemezana miaka tisa. Baba alimwondoa kambini akiwa msichana, akampeleka kwa ndugu za marehemu mama yake, na Gracieuse alipokufa hakumwita mpaka kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hilo Charlotte hajamsamehe.

Mnyororo ukatoka. Chimène akaeleza yote akiwa bado amesimama. Alipofika kwenye kusaini, Charlotte akanyoosha mkono kumzuia.

"Ngoja. Jumatatu niko na interview ya citizenship. Kwa fomu yao kuko swali: ulishatumia jina ingine? Niliandika hapana. Sasa unataka leo niandike kwamba nilitumia yako?"

Hilo Chimène hakulijua. Alisimama pale katikati ya sebule, daftari mkononi. Angeweza kubembeleza. Angeweza kumkumbusha Charlotte nani alimwazima nini. Aliliweka daftari mkobani, akafunga zipu.

"Sikuja kukuharibia, yaya. Nitatafuta njia ingine."

"Iko wapi hiyo njia ingine?"

"Sijue. Lakini uongo sisemi, na weye sikuvunji."

Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia nyuma yake sauti anayoijua tangu utotoni, kifua kinachopiga filimbi. Charlotte alikuwa ameinama, ametoa kikopo chake cha dawa mfukoni. Akavuta mara moja, akangoja, akavuta mara ya pili. Chimène alirudi akamshika mkono bila kuambiwa, kama zamani.

"Unaona?" Charlotte alisema alipopata pumzi. "Njo vile ulikuwa unanishika kwa foleni. Banaita Chimène Bagula, unanisukuma mbele. Miye nakwenda, weye unabaki kwa jua."

"Vile ulinisukuma mbele kwa foleni ya maji sikusahau pia."

Charlotte akacheka, akakohoa, halafu uso ukabadilika. Akavuta kiti.

"Leta hiyo kitabu. Nimepumua miaka mbili kwa jina yako. Leo nitaandika ukweli, na Jumatatu nitakwenda kuibadilisha ile hapana mbele yao. Bakinikatalia, nitabauliza: mulitaka nikufe kwa jina yangu ao nipone kwa ya mwingine? Banijibu hiyo kwanza."

Ungemwona Chimène hapo! Alitaka kumkumbatia, lakini Charlotte alikuwa ameshachukua kalamu, na kalamu ya mtu aliyeamua huchelewi kuipisha.

Wakaanza. Januari kumi na moja: "Ni miye." Akaandika. Februari tatu: "Ni miye, ile siku mvua ilibomoa hema." Akaandika. Machi tisa: "Ni miye. Banesi bawili, mumoja alikuwa na mimba." Akaandika. Zikabaki tatu.

Aprili kumi na nane. Kalamu ikasimama.

"Nini, yaya?"

"Miye niliondoka kambini tarehe makumi mbili ya mwezi wa tatu."

"Utakuwa umesahau."

"Siku baba yangu alinifukuza nisahau? Chimène, hii haiko miye." Akafunua ukurasa. Mei. Akafunua tena. Juni, tarehe mbili. "Hizi tatu haziko miye."

Sita, Sajini alisema. Tano si kitu, na hapa ziko tatu.

"Sasa ni nani? Miye siyo," Chimène akasema. "Nakuapia, miye siyo."

Charlotte hakuwa anamsikiliza. Mtu anayepima wazee kila asubuhi husoma namba kabla ya maneno, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye uzito wa mgonjwa. Mwezi wa tatu, kilo arobaini na moja. Mwezi wa nne, kilo ishirini na sita.

"Huyu ni mutoto mudogo," akasema.

Wakatazamana. Jina lilikuwa midomoni mwao wote wawili na hakuna aliyetaka kulitamka.

Charlotte akaligeuza daftari. Akaona uzi mweusi. Akapitisha ukucha juu yake taratibu.

"Hii mushono ni ya baba."

"Alisema jalada ilikuwa inapasuka. Alisema nisifumue."

"Alikuambia weye. Miye hakuniambia kitu."

Akaleta mkasi. Uzi ulikatika mmoja mmoja, na kila ulipokatika Chimène alisikia mkono wake uliobabuka ukimchoma upya. Karatasi mbili zikaachana. Ndani mlikuwa na maandishi ya nesi, ya haraka haraka, ya mtu mwenye foleni mlangoni:

Juni 14, 2016. Chimène Bagula, miaka 13. Amebanwa sana kifua, ameletwa amechelewa. Amefariki saa nne asubuhi.

Chimène alisoma jina lake. Akarudia kulisoma.

Chini yake, kwa penseli, mwandiko mwingine. Wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya suruali, si barua:

Haikuwa Chimène. Ilikuwa mutoto yangu Gracieuse. Nilitoa kitabu kwa meza ya nesi kabla aandike kwa rejista kubwa, juu ya vile bangefuta Chimène kwa liste ya ndege ya kwenda Amerika. Nimemuzika bila karatasi. Mungu anajua jina yake.

Charlotte hakulia mara moja. Alikaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa. "Malaria," alisema. "Aliniambia malaria. Miaka tisa namuchukia juu hakuniita kwa mazishi. Angeniitaje? Angesema nani amekufa?"

Chimène naye alikumbuka. Asubuhi ile alikuwa darasani. Aliporudi, Gracieuse alikuwa ameshazikwa, na mjomba alimshika mabega akamtazama usoni muda mrefu mno, kisha akamwambia aende akacheze. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikwenda akacheza. Sasa, ndani ya sebule ya watu huko Buffalo, aliona aibu ya mchezo ule na akalia kwa sauti, yule aliyemwambia Sajini kwamba hatalia.

Mara simu ikalia. Nani mwingine?

"Bi Chimène," Sajini alisema, "mkubwa anaondoka mapema kesho. Kama unayo karatasi, nitumie leo. Umepata?"

Chimène aliutazama ukurasa. Akiutuma, pumu yote inamtoka, zote sita, hakuna daktari atakayebisha. Akiutuma, ametuma pia kwamba Chimène Bagula amekufa, na kwamba mjomba wake alichukua daftari mezani kwa nesi akaficha maiti ya mwanawe. Mjomba bado hajapata uraia. Daftari lile lilikuwa karatasi pekee duniani yenye jina la Gracieuse, na jana mjomba alikuwa tayari kulichoma kumlinda nani, mnafikiri, kama si Chimène?

"Yaya, nifanye nini?" alinong'ona, mkono umefunika simu.

"Sijue," Charlotte alisema. "Lakini usimufiche dada yangu mara ya pili."

Chimène akafuta uso kwa mkono wake mzima.

"Nimepata, Sajini. Maelezo ya zote sita. Lakini kwanza nikuulize. Jeshi lenu linaandikisha mtu aliyekufa?"

"Aliyekufa?" Sajini akauliza.

Hapo mlango ukagongwa, mara tatu, kwa kiganja. Charlotte alikwenda na mkasi bado mkononi, akafungua kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Mjomba Zihindula alikuwa kizingitini na fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa. Alikuwa ametoka ghalani katikati ya zamu, ameendesha kutoka Columbus bila kusimama, na mkononi alishika ile picha ya kwenye friji.

"Nilijua mutafumua," alisema.

Baba na binti walitazamana kupitia ule mwanya. Charlotte hakutoa mnyororo.

"Unifukuze kesho, Charlotte," mzee akasema. "Leo munipe huyo askari kwa simu. Miye njo nilimuzika. Miye njo nitamutaja."

"Mujomba, usiseme!" Chimène alipiga kelele. "Nitatafuta njia ingine!"

"Uliniambia hausamehewi ugonjwa yenye haukuugua. Na miye sitaki tena kufichwa na mutoto."

Mnyororo ukaanguka. Chimène alikuwa amesahau kwamba mkono wake haukufunika simu tena. Sauti ya Sajini Eliakunda ikajaa chumbani, ya polepole, ya kikazi.

"Mzee, sikujui, ila nakuomba kabla hujatamka neno: nikishasikia, siwezi kujifanya sikusikia. Nitaliandika, na litakwenda nitakakoambiwa lipelekwe. Kuna watu wengine serikalini watalisoma. Umenielewa?"

Mjomba Zihindula aliichukua simu kutoka mkononi mwa Chimène, akaisogeza karibu na mdomo, picha ameibana kifuani.

"Nimekuelewa," alisema. "Kamata kalamu. Jina yake ni Gracieuse Zihindula. Alikuwa na miaka kumi na moja."